Bampa la Celica kwa mafundi wa boti: nimeenda, nimesubiri, nimerudia

Naanza na jibu kwa wasiopenda kusoma marefu: kama una gari ya zamani na bampa au spoila yake haipatikani popote, acha kuzunguka kwa mafundi wa bodi hapa mjini Mwanza, shuka ziwani kwa wanaotengeneza boti za faiba. Ila nenda na mizani, nenda na tepu, na usiende wakati wa mbalamwezi. Hilo la mbalamwezi ntalieleza huko chini, limenigharimu mwezi mzima.

Jina la sehemu msiniulize maana hata wao hawana, kibao hakuna. Ni banda la mabati ufukweni, unatoka mjini unapita Pasiansi, unapita uwanja wa ndege, unaelekea upande wa Igombe, ukianza kusikia harufu kama gundi ya viatu iliyochanganyika na dagaa ujue upo jirani, hapo uliza "wale wa faiba", hata mtoto anakupeleka.

Gari yenyewe ni Toyota Celica ST182 ya 1991, ile yenye taa zinazolala na kuamka. Sio GT-Four, msije mkanipa sifa isiyo yangu, GT-Four ya ST185 ina turbo na inavuta tairi zote nne na ndo iliyobeba Safari Rally mara nne mfululizo, madereva wakiwa 1992 Sainz, 1993 Kankkunen, 1994 Ian Duncan wa hapo jirani Kenya, 1995 Fujimoto. Yangu ina injini ya 3S-GE isiyo na turbo na inavuta mbele tu. Sura ni ya ukoo mmoja lakini, na nikiwa nimesimama Buzuruga jioni taa zikiamka watoto wanapiga kelele, kwangu inatosha.

Mi sio fundi wa kula kwa spana, nashinda ofisini, gari naifanyia nyumbani jumamosi na jumapili, mwaka wa tatu huu. Injini haijanitesa sana maana ndugu yake 3S-FE imejaa mjini kwenye Corona na Carina na RAV4 za zamani, mafundi wanaijua familia hiyo hata kama hedi ya hii yangu ni ile iliyochorwa na Yamaha na ina mambo yake. Msiba uko kwenye bodi. Kioo, shoo, bampa, madigadi, hivyo vitu vya ST182 hapa Mwanza hakuna, na Dar niliyempigia alinitajia laki nne na nusu kwa bampa la used, usafiri juu yangu, na picha aliyonitumia bampa lina ufa.

Sasa langu lilivunjikaje. Naishi Nyamanoro, wanaopajua wanapajua, mlima na mawe, na geti langu lina mteremko ambao hata bodaboda wanashuka wakiwa wamekunja uso. Mi nikaona gari imesimama juu kama mbuzi, nikachukua grenda nikakata springi za mbele koili moja na nusu. Najua, msinitukane, springi haikatwi inanunuliwa nyingine, nimeshatukanwa na watu wanaonijua tayari. Gari ikashuka ikapendeza. Siku ya tatu nikashuka getini kama kawaida nikasikia krrraaa, bampa likakaa kwenye jiwe, nikarudi nyuma, ndo kosa lenyewe, bampa likabaki na jiwe.

Nikampeleka mtu wa kushona. Kushona bampa kila mtu anajua, pasi ya moto na waya, anatoboa anapitisha anayeyusha juu. Kwa Noah au Ist inatoka sawa kabisa. Langu lilikuwa limepasuka sehemu tano na plastiki ya miaka thelathini na kitu imeshachoka, akishona huku inapasuka kule. Akamaliza, likawa linafanana na mtu aliyetoka kwenye ugomvi wa visu. Nikasema haya, mi mwenyewe nitabandika faiba kwa nyuma. Nikanunua resini na hadina ya kuikausha na lile karatasi jeupe la faiba, nikabandika jumapili nzima, nikajisifu, jumatano nikiwa natoka kazini naona kitu kinaning'inia. Faiba yote imebanduka nzima nzima kama plasta kwenye kidonda kilichoiva. Haikuvunjika, imebanduka tu, upande uliogusa bampa unang'aa kama kioo.

Hapo ndo rafiki yangu anayefanya biashara ya dagaa akaniambia we unahangaika na watu wa magari wa nini, faiba ni ya watu wa boti.

Nilifika asubuhi na bampa limefungwa juu ya keria ya gari ya huyo rafiki. Kuna mzee mmoja ndo mkuu wa pale, mtu wa Ukerewe, na vijana watatu. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, akalitazama bampa kwa muda, akasema "huu mtumbwi umeshonwa kama nyavu." Vijana wakafa kwa kucheka. Nikamweleza habari ya faiba kubanduka, hakujibu, akaligeuza bampa, akafuta vumbi kwa kidole gumba, akanionyesha herufi ndogo zimegandishwa kwenye plastiki: PP, yani polipropilini. Miaka mitatu nalifungua na kulifunga lile bampa sijawahi kuziona.

"Hii haishiki mwanangu. Hata ungeibandika kwa maombi."

Halafu akasema kitu ambacho mpaka leo nakipenda: "Na kwa kuwa haishiki, ndo itatufaa."

Maana yake ni hii. Resini ya poliesta haikamatani na plastiki ya PP, ndo mana kazi yangu ilibanduka. Lakini ukitaka kutengeneza kalibu, yani ukimwaga faiba juu ya kitu ili upate umbo lake kwa ndani, shida yako kubwa huwa ni kutoa, faiba inang'ang'ania ile modeli mpaka uvunje. Sasa bampa langu lenyewe halishikiki. Kile kilichonitesa jumapili nzima kikawa ndo faida. Bado alilipaka nta ya sakafu mikono mitatu, anapaka anaacha anafuta, anapaka tena, anasema nta ni bei rahisi kuliko kulia.

Kwa kuwa tunatengeneza upya nikamwambia mzee basi mdomo wa chini tuupanue, hewa iingie kwenye rejeta vizuri, milima ya huku gari inapandisha temprecha. Hapa niwape maua yao. Nilitegemea aniambie haiwezekani au anitajie bei nyingine. Akachukua plaiwudi ya milimita 3, akachora kwa penseli ya seremala, akakata, akaifunga kwenye bampa kwa skrubu, sehemu za kona akajaza puti, akapiga msasa, akafunika yote na selotepu pana ya kahawia ili nayo isishike. Alikuwa hapimi kwa tepu, anapima kwa kiganja na kufumba jicho moja. Mi nikapima kwa tepu nyuma yake: kulia sentimita 14, kushoto 14 na milimita mbili. Kwa jicho!

Kalibu ikatengenezwa ya vipande viwili, imegawanyika katikati na kuungwa kwa bolti, na mgongoni wameilalizia fito za mbao isijipinde. Hili ni muhimu kama unatafuta fundi sehemu nyingine, muulize kalibu ya bampa atafanya kipande kimoja au viwili, akisema kimoja kimbia, maana bampa linajikunja kwa chini na pembeni, la plastiki unaweza kulivuta likatoka lakini la faiba halikunjiki, litabaki humo humo.

Mpaka hapo nyota tano. Sasa malalamiko.

Kwanza muda. Niliambiwa siku kumi, nimechukua bampa baada ya wiki tano. Na sio wavivu, ni hesabu ya ziwa ambayo mi mtu wa mjini sikuijua. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa vizuri kwaiyo boti zinapanda nchi kavu. Na boti ikiwa nchi kavu ndo inatengenezwa. Mi nilipeleka bampa siku chache kabla ya mbalamwezi, nikarudi nakuta boti sita zimepindukia kifudifudi kama maiti za mamba, na kalibu yangu imeegeshwa ukutani na kuku kalala ndani. Huwezi kugombana, mwenye boti asipotoka giza likirudi hajala. Kwaiyo peleka kazi yako mbalamwezi ikiisha, boti zikiwa ziwani, wanakuwa na nafasi na wanakuhudumia kama mfalme. Ila wangeniambia siku ya kwanza, hilo nawadai. Simu nilipiga, kila siku "kesho kaka".

Pili, ile bampa ya kwanza. Niliikuta imeshatolewa kwenye kalibu, inang'aa, nikainua nikasema mbona kama mlango wa nyumba. Pale pale kuna mizani ya samaki, tukaitundika kwenye ndoano: kilo 11. Lile la asili na makovu yake yote lilikuwa kilo 5. Wameweka matabaka matano ya faiba ya gramu 450 kwa mita ya mraba, na hiyo kila tabaka moja ikishakauka ni kama milimita moja, yani mbele ya gari nimebeba milimita tano ya boti. Kijana akaniambia kwa fahari "hii hata ukigonga mwamba haipasuki." Ndugu yangu, nyuma ya bampa kuna chuma chake cha kugongea, bampa ni ngozi tu, na kilo 6 za ziada mbele kabisa ya gari iliyokatwa springi sio mchezo.

Na masikio yake, zile ncha za pembeni, yalikuwa yamejikunja kwa ndani. Nilivyojaribisha kwenye gari kulikuwa na nafasi ya kidole kati ya bampa na madigadi upande mmoja, upande wa pili linagusa. Nikauliza mlitoa kwenye kalibu baada ya muda gani, wakatazamana, mmoja akasema masaa matatu. Resini inasinyaa ikiwa inakauka, ukiitoa mapema inajikunja itakavyo. Angalau ilale siku nzima, mzee anajua, siku hiyo hakuwepo. Mzee alivyorudi hakubishana hata neno moja, aliliangalia, akawaangalia vijana, akasema tunarudia bure. Faiba na resini yake. Mafundi wangapi mjini wamewahi kuwaambia neno bure?

Raundi ya pili niliomba ruhusa kazini nikakaa pale tangu asubuhi, na nashauri na wewe ukae. Hapo nikaona na mengine. Hadina inatakiwa kama mililita 10 mpaka 20 kwa kilo moja ya resini, na jua la Mwanza likiwa kali unakaa kwenye 10, ukizidisha inakauka kabla hujapaka. Mmoja wa vijana alikuwa anapima kwa kifuniko cha chupa, kwa macho. Saa saba mchana, kachanganya ndooni kama kilo tatu kwa mkupuo, kaenda kupokea simu. Nikaona resini imeanza kuwa kama uji wa muhogo, halafu kama jeli, halafu ndoo ikaanza kutoa moshi. Moshi kabisa, mweupe, na harufu inachoma macho. Mzee akapiga kelele akaisukuma ndoo kwa mti mpaka kwenye mchanga, ikalala pale inapasuka-pasuka ndani kwa ndani kama mahindi ya bisi, na chini ndoo imeyeyuka imeshikana na mchanga. Mpaka leo hilo donge lipo, watoto wanalikalia. Baada ya hapo wakawa wanachanganya nusu kilo nusu kilo, na mzee akapima hadina mwenyewe kwa bomba la sindano.

Sifa moja tena kwa mzee, kobalti anaiweka mwisho huu wa banda na hadina mwisho ule. Ile kobalti ni kimiminika cha zambarau cha kuharakisha kukauka, resini nyingine inakuja nayo imeshachanganywa, nyingine hapana. Hizo mbili zikikutana zenyewe kabla ya kuingia kwenye resini zinaweza kulipuka. Unachanganya moja kwenye resini kwanza, unakoroga vizuri, ndo unaweka nyingine. Nyie mnaofanyia nyumbani kama mimi mnisikie hapo. Na vaeni barakoa ya maana, glavu, mikono mirefu, mi nilikaa na fulana, usiku mzima najikuna kama nimelala kwenye upupu.

Bampa la pili: jelikoti kwanza, yani ile resini nzito ya sura ya nje, matabaka mawili ya 450, tatu kwenye masikio na panapofungwa bolti. Likalala kwenye kalibu mpaka kesho yake jioni. Ndoano ya samaki ikasoma kilo 6 na kidogo. Hapo nikampa mzee mkono.

Matundu hawatoboi, na ni sawa, toboa mwenyewe nyumbani bampa likiwa limeshikiliwa mahali pake. Tumia washa pana kila bolti na usikaze kama unakaza nati za tairi, faiba haikubali ubabe. Madigadi na bampa sasa vina mstari mmoja kulia, kushoto kuna milimita kama tatu, nakubali, hata kiwandani wangenipa hiyo na umri wa gari.

Kwenye jelikoti kulikuwa na vitundu vidogo vidogo vya hewa, vingi upande wa chini. Puti, msasa wa 180, wa 320, praima, wa 600, rangi. Rangi ilipigwa Nyakato, haina stori.

Bei yote kwa watu wa boti, kalibu na bampa, laki tatu na elfu ishirini. Ukitoa wiki tano za presha ni bei nzuri, maana kalibu ni yangu na bampa lingine sasa ni gharama ya resini na faiba na posho ya siku moja.

Jumapili nikatoka nalo, Nyegezi, Usagara, nikakata kwenda Kigongo, nikavuka daraja la Busisi kwenda na kurudi, kilomita tatu za upepo wa ziwa unaokupiga ubavuni. Lile la zamani lililoshonwa lilikuwa linapigapiga kama bati la choo nikizidisha 80. Hili kimya. Mwendo sisemi. Na temprecha imekaa pale pale chini ya nusu hata nilipopanda Nyamanoro na mizigo, ila niwe mkweli, wiki hiyo hiyo nilibadili na themostati, ile ya kufungukia nyuzi 82, na kifuniko cha rejeta, kwaiyo siwezi kuapa kwamba ni mdomo mpana. Nataka kuamini ni mdomo.

Kitu cha mwisho mkijue kabla hamjaenda: faiba haikunjiki. Bampa la plastiki ukiligusa kwenye tuta linanywea linarudi, hili linapasuka. Wiki mbili tu baada ya rangi nikashuka getini kwangu kwa pembe mbaya, jiwe lile lile, kona ya chini ikapata ufa wa kama kiganja. Nikarudi Igombe nimenyong'onyea. Kijana yule yule wa ndoo ya moshi akakwangua kwa nyuma, akaweka vipande viwili vya faiba, resini kapima kwa bomba la sindano safari hii, dakika arobaini, elfu kumi. Mzee akauliza kwani hilo jiwe lina uzito gani, mbona hamliondoi. Nimelipima jumamosi, linaendelea mpaka chini ya nyumba ya jirani. Springi nimeshaagiza, za urefu wake halali.

Nyota tatu na nusu, nne kama mzee yupo. Kalibu wananitunzia juu ya paa la banda, na kuku ameshahamishwa. Mwenye ST182 yoyote kanda hii na bampa limekufa nenda tu, mwambie mzee umetumwa na yule wa gari ya kufumba macho, uchangie resini yako mwenyewe, na uangalie kwanza mwezi uko wapi.